Mchezaji na Kitabu katika Nchi ya Marekani

(Maneno haya yalisemwa na Ofisa wa Elimu ya Watu Wazima katika kipindi cha redio. Yamepigwa chapa ili wanafunzi wayasome tena darasani pamoja na mwalimu wao.)

Natumaini kila mtu ana daftari na kalamu. Atakayepitwa na neno asihangaike. Ataliona tena katika maandishi, naye atalisoma polepole kadiri apendavyo.

Leo tutazungumza habari za michezo katika nchi ya Marekani. Labda mmoja wenu ananong'ona, "Sisi tumekuja kujifunza kusoma na kuandika. Habari za mpira zinatuhusu nini?" Swali hilo ni jema, nami nitalijibu. Lakini nitalijibu mwishoni, kwa sababu kwanza nataka mkutane na mtu mmoja mwenye nguvu nyingi, aliyelia mbele ya wakubwa wa nchi yake kwa ajili ya jambo hili hili mnalolifanya ninyi jioni hii.

Mchezo ni wa shule

Tuanze na jambo ambalo mgeni hulistaajabia. Katika nchi nyingi za dunia, timu kubwa ni za vilabu. Mtoto huenda shule kusoma, na akipenda mpira huenda klabuni jioni. Shule nayo ina timu yake, lakini timu hiyo hutazamwa na wanafunzi wenyewe na wazazi wachache. Marekani sivyo. Huko michezo mikubwa imeingizwa ndani ya shule na vyuo, na timu ya shule huhesabiwa kuwa timu ya mji mzima.

Tuseme umefika katika mji mdogo wa jimbo la Texas, siku ya Ijumaa usiku, katika miezi ya Septemba na Oktoba. Utakuta njia tupu. Usiogope, watu hawakuhama. Wako uwanjani chini ya taa, wanawatazama vijana wa shule ya sekondari wakicheza futiboli ya Kimarekani. Mchezo huo si kandanda yetu. Mpira wake una umbo la yai, hushikwa kwa mikono, na wachezaji huvaa kofia ngumu kwa sababu hugongana kama mafahali. Muuza duka yuko pale, mchungaji wa kanisa yuko pale, na babu aliyecheza katika timu hiyo hiyo zamani za ujana wake yuko pale pia.

Jumamosi ni zamu ya vyuo vikuu. Katika mji wa Ann Arbor, jimbo la Michigan, chuo kikuu kina uwanja uliofunguliwa mwaka 1927, nao siku hizi una nafasi ya watu zaidi ya 107,000. Jumapili ni zamu ya wachezaji wa kulipwa. Na mara moja kila mwaka hufanyika mchezo wa kumaliza mashindano yao, uitwao Super Bowl. Watu zaidi ya milioni 100 huutazama kwa televisheni. Hata asiyeujua mchezo huo hukaa kitako kutazama, maana jirani zake wote wamekaa.

Mambo yalianzaje?

Mwaka 1852 wanafunzi wa vyuo viwili, Harvard na Yale, walishindana kupiga makasia katika ziwa moja la jimbo la New Hampshire. Hayo yalikuwa mashindano ya kwanza baina ya vyuo vya Marekani. Je, nani aliyelipa gharama za safari yao? Ni kampuni ya reli. Ilitaka watu wapande treni kwenda kutazama. Basi mnaona kwamba tangu siku ya kwanza biashara ilikuwa imekaa ufukoni ikihesabu tikiti.

Mwaka 1869 vyuo vya Rutgers na Princeton vilicheza mchezo wa kwanza wa futiboli baina ya vyuo. Mwaka 1891, katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, mwalimu mmoja jina lake James Naismith alitafuta mchezo wa kuwashughulisha vijana ndani ya jengo wakati wa baridi kali. Akapigilia misumari vikapu viwili vya matunda juu kwenye roshani, akawaambia watie mpira humo. Ndio mwanzo wa mpira wa kikapu, ambao leo unachezwa duniani kote.

Lakini futiboli ile ilikuwa na ukali mno. Mwaka 1905 vijana kadhaa walikufa kwa kuumia uwanjani, hata Rais Theodore Roosevelt akawaita viongozi wa vyuo kuzungumza nao. Mwaka uliofuata kikaundwa chama cha kuangalia michezo ya vyuo. Chama hicho ndicho kiitwacho leo NCAA, nacho ndicho chenye kuweka kanuni nyingi za michezo hiyo.

Mlango uliofunguka

Sasa tutazame faida yake. Kijana hodari wa michezo anaweza kupewa msaada wa masomo. Maana yake, chuo kikuu kinamlipia ada, chakula na malazi, naye anakichezea chuo hicho huku akisoma. Watoto wengi wa maskini, ambao baba zao hawakuota hata siku moja kumpeleka mtoto chuoni, wameingia kwa mlango huo.

Mlango huo umewafaa watu wa kwetu pia. Mike Boit wa Kenya alipata medali ya shaba katika mbio za mita 800 huko Munich mwaka 1972. Alisoma Marekani, akaendelea hata akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Oregon, kisha akarudi Kenya akawa mwalimu wa chuo kikuu. Suleiman Nyambui wa Tanzania, aliyepata medali ya fedha katika mbio za mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas katika mji wa El Paso.

Michezo imewasaidia Wamarekani hata kuzitazama dhuluma zao wenyewe. Kwa miaka mingi sana watu weusi hawakuruhusiwa kucheza besiboli katika timu kubwa za wazungu. Tarehe 15 Aprili, 1947, Jackie Robinson aliingia uwanjani na timu ya Brooklyn, na mwiko ule ukavunjika. Alitukanwa na kutishwa, akavumilia, akaendelea kucheza. Kumbukeni kwamba ilikuwa mwaka 1954, yaani miaka saba baadaye, ndipo Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipoamua kwamba ni kosa kuwatenga watoto wa shule za serikali kwa rangi zao. Uwanja ulitangulia, shule ikafuata. Na Robinson alipoacha kucheza alishika kalamu. Aliandika katika magazeti, akawaandikia Marais barua kudai haki za watu wake.

Wanawake nao walipata mlango wao kwa sheria. Mwaka 1972 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kukataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kuwabagua wanawake. Kabla ya sheria hiyo, wasichana wa sekondari waliokuwa katika timu za shule hawakufika 300,000. Leo ni zaidi ya milioni 3.

Hayo yote ni mema, na anayeyakataa si mkweli. Lakini waswahili husema, ngoma ivumayo haidumu. Sasa tutazame upande wa pili.

Kevin Ross arudi darasani

Katika mwaka 1978 kijana mmoja mrefu sana, Kevin Ross, alichukuliwa na Chuo Kikuu cha Creighton, katika mji wa Omaha, ili akicheze mpira wa kikapu. Alikaa huko mpaka mwaka 1982. Muda wake wa kucheza ulipokwisha, hakuwa na shahada. Katika mashtaka aliyoyapeleka mahakamani baadaye, alieleza kwamba wakati wa kuondoka kwake ujuzi wake wa lugha ulikuwa sawa na wa mtoto wa darasa la nne. Alieleza tena kwamba aliandikishwa masomo kama kulenga shabaha kwa bunduki na elimu ya mpira wa kikapu, na ya kuwa kulikuwa na karani wa kumsomea kazi zake na kumwandikia.

Fikirini jambo hilo. Kijana yumo ndani ya chuo kikuu, watu wanalishangilia jina lake, na jina hilo limeandikwa katika magazeti. Lakini gazeti lenyewe linamsumbua kulisoma.

Je, Ross alifanya nini? Alifanya jambo linalohitaji moyo kuliko kucheza mbele ya maelfu ya watu. Alikwenda Chicago, katika shule ya mwalimu hodari aliyeitwa Marva Collins, akakaa darasani pamoja na watoto wadogo. Magoti yake hayakuingia chini ya dawati. Watoto walikuwa wakinyosha mikono kujibu, naye mtu mzima akinyosha wake pamoja nao.

Baadaye alikishtaki chuo. Mwaka 1992 mahakama ya rufani ilisema kwamba haiwezi kupima kama mafundisho ya chuo yalikuwa mazuri au mabaya. Lakini ilisema pia kwamba, ikiwa chuo kilimwahidi mwanafunzi msaada fulani katika masomo na hakikumpa kabisa, basi anayo haki ya kudai, kwa maana ahadi hiyo ni mkataba. Mwisho wake wakapatana. Ross akalipwa dola 30,000, na chuo hakikukiri kosa. Lishikeni neno hilo la mkataba. Asiyeweza kusoma mkataba, atajuaje alichoahidiwa?

Machozi ya Dexter Manley

Na sasa nawaletea yule mtu niliyewaahidi. Jina lake ni Dexter Manley, mzaliwa wa mji wa Houston. Alikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 110, na kazi yake uwanjani ilikuwa kumkimbilia mwenye mpira na kumwangusha. Alikuwa katika timu ya Washington ilipotwaa Super Bowl mwaka 1983 na tena mwaka 1988. Watoto wengi walitamani kuwa kama yeye.

Katika mwezi wa Mei 1989 Manley alikaa mbele ya kamati ya Seneti, ambayo ni moja ya mabaraza mawili ya Bunge la Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 30. Akawaeleza masenata kwamba alipitishwa darasa hadi darasa, akamaliza sekondari, akakaa miaka minne katika chuo kikuu cha jimbo la Oklahoma, na wakati huo wote hakujua kusoma zaidi ya mtoto wa darasa la pili. Hapo mtu yule mkubwa akashindwa kusema, akalia.

Kwa miaka mingi alikuwa akificha siri yake. Mbele ya wenzake alishika gazeti akajifanya anasoma. Ndugu zangu, huenda yupo mmoja hapa anayeujua ujanja huo. Kuna anayesema, "Nimesahau miwani yangu, hebu nisomee." Kuna anayesema, "Nitaipeleka karatasi hii nyumbani nikaisome kwa utulivu." Ujanja ule ule wa kijijini kwetu ulitumiwa na mtu aliyeshangiliwa na nchi nzima.

Lakini Manley alikuwa amekwisha kuanza kujifunza kabla ya siku ile ya Seneti. Alikuwa akienda madarasa ya jioni katika shule moja ya mji wa Washington, akianza na herufi na sauti zake, kama mlivyoanza ninyi. Siwaambii kwamba kusoma kulimwondolea kila shida. Aliangukia katika dawa za kulevya, akafungiwa kucheza, akatiwa jela, na ilimchukua miaka mingi kujitoa humo. Kitabu si dawa ya kila ugonjwa. Lakini aliacha kuficha, na aliyoyasema yakasikiwa na watu wengi waliokuwa wakificha kama yeye.

Kwa nini walimu walinyamaza?

Msifikiri kwamba watu hawa wawili walikuwa wajinga. Mtu anayeweza kukumbuka mipango mingi ya mchezo na kuifuata bila kukosea, huku anagongwa kila upande, ana akili njema. Shida ilikuwa mahali pengine. Timu ikishinda, uwanja unajaa, tikiti zinauzwa, televisheni inalipa, na wenye mali waliosoma pale zamani wanakitolea chuo fedha. Mwalimu akimwangusha mchezaji katika mtihani, mchezaji hachezi Jumamosi. Basi wengine waliona ni nafuu kumpa alama na kunyamaza. Kijana alidhani anapendelewa, kumbe ananyang'anywa.

Wamarekani wenyewe walishtuka. Mwaka 1983 chama cha NCAA kilipitisha kanuni, iliyoanza kutumika mwaka 1986, kwamba mwanafunzi asiyepata alama za kutosha katika sekondari asicheze katika mwaka wake wa kwanza wa chuo. Wengine walilalamika kwamba kanuni hiyo inamwadhibu mtoto wa maskini kwa ubaya wa shule ambayo hakuichagua yeye. Mwaka 1990 ikaja sheria ya nchi kwamba vyuo vitangaze ni wachezaji wangapi kati ya wale wanaopewa msaada wanaomaliza masomo yao. Mmoja wa walioipigania ni Seneta Bill Bradley. Yeye mwenyewe alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu, na timu yake ya New York ilishinda mashindano makubwa mwaka 1970 na 1973. Lakini alikuwa amesoma kwa bidii kwanza. Kwa hiyo alipoacha mpira alikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Siku hizi habari nyingine imeongezeka, nayo ni ya malipo. Tangu mwaka 2021 wanafunzi wachezaji wameruhusiwa kulipwa na wafanyabiashara wanaotumia majina na picha zao, na tangu mwaka 2025 vyuo vyenyewe vimeruhusiwa kuwalipa. Wengi wanasema ni haki, maana mtenda kazi astahili ujira wake. Lakini ujira huja na karatasi za kutia sahihi. Kijana wa miaka 18 anawekewa mbele yake mkataba wenye kurasa nyingi, na wakala amesimama nyuma yake akimwambia, "Weka jina lako hapa."

Tufanye hesabu kidogo

Andikeni katika daftari zenu namba 100. Hao ni wanafunzi 100 wa sekondari za Marekani wanaocheza katika timu za shule. Watakaocheza katika vyuo vya NCAA ni kiasi cha 7 tu. Sasa andikeni tena 100. Hawa ni wachezaji wa vyuo hivyo. Watakaofika kucheza kwa mshahara katika timu kubwa hawatimii 2. Na hao nao, wengi wao hucheza miaka michache tu, kisha goti huumia au kijana mwingine mwenye mbio zaidi huja.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mchezaji akifika ukingoni akiwa na miaka 30, bado ana miaka mingine 40 ya kuishi. Miaka hiyo ataiishi kwa kutumia nini?

Jibu la swali letu

Mwanzoni mtu aliuliza, habari hizi zinatuhusu nini. Sasa nitajibu.

Kwanza, zinatuhusu kwa ajili ya watoto wetu. Mtoto akiwa na miguu myepesi, mfurahie na mwache akimbie. Lakini akikuletea alama nzuri, mwambie, "Mwanangu, hebu nisomee ukurasa huu." Usiridhike na alama. Sikiliza anavyosoma. Dexter Manley alikuwa na alama za kumpitisha mpaka akafika chuo kikuu.

Pili, zinatuhusu sisi wenyewe. Najua kuna mzee hapa aliyeingia kwa mlango wa nyuma ili wajukuu zake wasimwone akiwa na daftari. Kuna mama aliyeificha kalamu ndani ya khanga njiani. Mzee wangu, mama yangu, nawaheshimu. Mumkumbuke Kevin Ross na magoti yake yaliyokosa nafasi chini ya dawati. Alikuwa ameshangiliwa kwa nguvu za mwili wake, lakini siku aliyokaa kati ya watoto na kunyosha mkono, hapakuwa na umati wa kumpigia makofi.

Nanyi pia hampigiwi makofi mkitoka hapa usiku. Mnarudi nyumbani kwa giza, mmechoka, na kesho kuna shamba. Basi mimi nawapigia makofi kutoka hapa redioni.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.

Maneno ya kujifunza

Msaada wa masomo: fedha za kumlipia mwanafunzi ada na mahitaji yake.
Mkataba: mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi na pande mbili.
Shahada: cheti cha mtu aliyemaliza masomo ya chuo kikuu.
Wakala: mtu anayefanya shughuli kwa niaba ya mwingine.
Ukingoni: mahali kitu kinapokomea.

Maswali

1. Timu kubwa za vijana Marekani ni za nani, za vilabu au za shule?
2. Nani alilipa gharama za mashindano ya mwaka 1852, na kwa nini?
3. Mahakama ilisema nini juu ya ahadi ya chuo kwa mwanafunzi?
4. Dexter Manley alitumia ujanja gani kuficha siri yake? Je, umewahi kuuona ujanja wa namna hiyo mahali popote?
5. Andika sentensi tatu kumweleza mtoto wako kwa nini wewe unakuja darasani.